Bika, kondensa au mvuke? Kuchagua njia ya kupima kiwango cha kuchemka cha mmumunyo katika maabara zetu za Pemba

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha kemia hapa Chake Chake, mwanafunzi mmoja aliniletea chupa ya maji ya bahari kutoka Wesha, akataka kujua yanachemka kwenye digrii ngapi. Nikayatia kwenye bika, nikawasha jiko la spiriti, nikatumbukiza kipimajoto. Yalipotokota nikasoma 102, na darasa zima likaandika 102. Jibu lile lilikuwa na makosa na lilinisumbua muda mrefu. Maji ya bahari yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo huchemka nusu digrii na ushei tu juu ya maji matupu. Sisi tuliyaacha yakapungua karibu nusu, na ncha ya kipimajoto ilikuwa imekaa kwenye kitako cha bika, pahala penye moto kuliko maji yenyewe.

Tangu hapo nimezifanya njia kadhaa, nyingine kwa vifaa vya kuazima, na walimu wenzangu wa Unguja na Pemba huniuliza ipi wainunulie vifaa. Siwezi kumwambia kila mtu jibu moja, kwa sababu anayetaka kuwaonesha watoto 50 kwamba chumvi hupandisha joto la kuchemka hahitaji anachohitaji mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayetafuta uzito wa moli, yaani gramu za moli moja ya kitu (moli ni hesabu maalumu ya chembe, kama dazeni ilivyo hesabu ya mayai). Basi nazilinganisha, kila mtu apime mwenyewe.

Kinachopimwa ni kidogo kuliko tunavyodhani

Ukiyeyusha kitu kisichogeuka mvuke kwa urahisi ndani ya maji, kiwango cha kuchemka hupanda kwa digrii 0.512 kwa kila moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji. Sukari haigawanyiki, kwa hiyo gramu 342 katika kilo ya maji zinakupa nusu digrii tu. Gramu 342! Hiyo ni sukari ya kutosha chai ya harusi, na kipimajoto kinapanda nusu ya mstari mmoja. Chumvi ya kupikia hugawanyika kuwa chembe mbili, kwa hiyo gramu 58.5 tu katika kilo ya maji zinakupa karibu digrii 1. Hata ukitia chumvi mpaka maji yakatae kuiyeyusha, utafika digrii 108 na kitu hivi, usipite hapo.

Kwa hiyo tunatafuta tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Kosa la digrii moja, ambalo kwenye kupima joto la maji ya kuoga si kitu, hapa linaweza kuwa kubwa mara mbili ya jibu lenyewe. Ndiyo maana vigezo vyangu vinaanza na hili.

Vigezo

Kila njia naiuliza maswali haya haya. Je, inaonesha tofauti ndogo kiasi gani? Je, nguvu ya mmumunyo inabaki ile ile, au maji yanapotea njiani bila wewe kujua? Inataka sampuli na vifaa kiasi gani, na je, vinapatikana hapa kisiwani? Hatari yake ni ipi? Na mwisho, inamfaa nani.

Kabla ya kuzitaja, kuna jambo linalozihusu zote, na nalishikilia kuliko jingine lolote: pima maji matupu kwanza, kwa chombo hicho hicho, kipimajoto hicho hicho, saa hiyo hiyo. Usidhani tu kwamba maji yanachemka kwenye 100. Yanachemka kwenye 100 pale tu mgandamizo wa hewa unapokuwa hektopaskali 1013, na kila hektopaskali moja inayopungua hushusha kiwango cha kuchemka kwa karibu digrii 0.03. Skuli iliyo juu ya kilima, mita 50 kutoka usawa wa bahari, imeshapoteza zaidi ya digrii 0.15 hata kabla moto haujawashwa.

Tena mgandamizo wenyewe hautulii. Katika nchi za joto kama yetu hewa ina maji kujaa na kupwa yake, kama bahari: mgandamizo hupanda kufikia kilele kama saa nne asubuhi, kisha hushuka mpaka kama saa kumi jioni, kwa hektopaskali tatu hivi. Hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya digrii. Mwalimu aliyepima maji matupu kwenye kipindi cha asubuhi na mmumunyo wa sukari mchana amejiwekea kosa la moja ya sita hadi moja ya tano ya jibu lake, na hataliona popote.

Faida nyingine ya kupima maji matupu ni kwamba inaokoa kipimajoto kibovu. Vipimajoto vya dijitali vya waya vinavyouzwa kwa bei nafuu vinaweza kukosea digrii mbili. Lakini kikikosea mbili kwenye maji na mbili kwenye mmumunyo, ukitoa moja kwa nyingine kosa linaondoka. Kinachobaki kuwa muhimu ni kwamba kioneshe sehemu ya kumi ya digrii na kisiyumbe.

Bika wazi

Hii ndiyo tunayoijua sote. Maji gramu 250 kwenye bika, chumvi gramu 29, vipande viwili vitatu vya kigae, kipimajoto kimeshikwa na kishikizo ili ncha ining'inie katikati ya maji bila kugusa kitako wala ukuta. Kigae nakipata kwa kuvunja chungu cha udongo kisichopakwa rangi, nakichemsha na kukikausha. Matundu yake madogo huyapa mapovu pahala pa kuanzia. Bila kigae, maji hupita joto lake la kuchemka yakiwa kimya, kisha yanaruka ghafla. Na usikitie kigae wakati maji yameshakuwa ya moto sana, yatafurika usoni mwako.

Kwa vipimo hivyo unatarajia kupanda kwa digrii 2, na hata kipimajoto cha spiriti chenye mistari ya digrii moja moja kitakuonesha hivyo. Kwa sukari ya nusu digrii, usijaribu kwa kipimajoto hicho.

Udhaifu mkubwa ni maji yanayopotea. Bika ile ikichemka robo saa na kupoteza gramu 50, mmumunyo uliokuwa wa kupandisha 2 sasa unapandisha 2.5. Watu wengi huiacha njia hii kwa sababu hiyo. Mimi nadhani wanaiacha mapema, kwa sababu dawa yake ni mizani. Pima bika na vyote vilivyomo kabla ya kuwasha moto. Mara tu unaposoma joto, zima, ishike bika kwa kitambaa, ipime tena. Maji yaliyopotea unayajua kwa gramu, na nguvu ya mmumunyo ya dakika ile ile uliyosoma unaihesabu. Hata mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha. Ukirudia kusoma na kupima mara nne huku maji yakipungua, bika moja inakupa nukta nne za grafu, na udhaifu umekuwa jaribio zima.

Vifaa vipo kila skuli. Umeme ukikatika, jiko la spiriti linaendelea. Hatari ni ya kuungua kwa maji ya moto tu, ila kwa sukari nzito iangalie zaidi, kwa sababu shira hushika kwenye ngozi na haitoki kwa kupangusa. Usitumie njia hii kabisa kwa kitu kinachotoa mvuke wake mwenyewe, kama spiriti, siki au amonia: kitakachopaa hewani ni kile unachokipima, na cha spiriti kitashika moto.

Inamfaa mwalimu mwenye darasa kubwa na kipindi kimoja cha dakika 80, anayetumia chumvi, na mwenye mizani.

Chupa ya duara na kondensa wima

Hapa chupa inafungwa juu kwa kondensa iliyosimama (bomba la kioo linalopozwa kwa maji), mvuke unapanda, unapoa, unadondoka tena ndani. Nguvu ya mmumunyo inabaki karibu ile ile, isipokuwa mililita chache zinazokuwa zimening'inia kwenye kioo, na kwenye mililita 200 hilo ni kosa dogo. Unaweza kuchemsha nusu saa, ukasoma kila dakika, ukaona namba imetulia. Utulivu huo ndio unaokuruhusu kuamini sehemu ya kumi ya digrii.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la pahala pa kipimajoto. Wanafunzi wamefundishwa, katika kukeneka kwa mvuke, kuweka ncha juu, mvuke unapotokea. Kwa kimiminika kitupu ni sawa. Kwa maji ya chumvi si sawa, kwa sababu mvuke unaotoka kwenye maji ya chumvi ni maji matupu, na ukigusa kioo unageuka tone la maji matupu, nalo linasoma 100. Nimemwona mwanafunzi mwerevu akikata tamaa kwamba chumvi yake "haifanyi kazi". Chumvi ilikuwa ikifanya kazi chini, kipimajoto kikasoma juu. Ncha izame ndani ya mmumunyo, na isikae chini ya njia ya matone baridi yanayorudi kutoka kwenye kondensa.

Tatizo la kuchemka kwa kuchelewa lipo bado, tena kubwa zaidi kuliko bika, kwa sababu chupa safi ya duara ina kuta laini. Vigae ni lazima. Moto uwe wa chini, wa kutokotesha taratibu: ukiongeza moto na namba ikapanda, ulichokiona ni moto wako.

Upande wa vifaa ndipo ugumu ulipo. Kondensa inataka maji yanayopita, yanaingia chini na kutoka juu. Bomba likiwa halitoki maji siku ile, nimetumia ndoo mbili na pampu ndogo ya umeme ya kuzungushia maji ya samaki wa mapambo. Na kama huna pampu, ndoo juu ya kabati na nyingine sakafuni. Maji ya ndoo ya kisiwani kwetu hayana baridi, lakini kwa mvuke wa maji yanatosha. Kwa spiriti tia barafu, na tumia jiko la umeme lisilo na ulimi wa moto. Kumbuka kuacha juu ya kondensa wazi. Chombo kilichofungwa kila upande kikichemshwa ni bomu.

Njia hii ndiyo pekee kati ya hizi za kawaida ninayoiamini kwa vitu vinavyopaa. Ukichanganya spiriti na maji, kwa mfano, hakuna kiwango kimoja cha kuchemka. Kinabadilika kwa kadiri ya mchanganyiko, kikishuka mpaka digrii 78.2 pale spiriti inapokuwa asilimia 95.6 kwa uzito, chini kidogo ya spiriti tupu. Kwenye bika wazi mchanganyiko ungehama mbele ya macho yako.

Inamfaa mwanafunzi wa Kidato cha Sita au wa chuo mwenye muda, na skuli iliyo na seti moja au mbili za vioo vya kuunganisha.

Kupitisha mvuke

Njia hii inaitwa kwa jina la Landsberger, na naipenda kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi kufikiri. Chupa ya kwanza ina maji matupu yanayochemka. Mvuke wake unapita kwenye bomba na kuingia ndani ya mmumunyo ulio kwenye mrija mpana, ambao hauna moto wowote chini yake. Mvuke unageuka maji humo, unatoa joto lake, mmumunyo unapanda mpaka unachemka, na hapo namba inatulia.

Swali huja kila mwaka: mvuke una digrii 100, vipi utapasha maji ya chumvi mpaka 102? Wanafunzi wanakataa mpaka waone. Jibu ni kwamba maji ya chumvi huyaachia maji yake kwa shida kuliko maji matupu, kwa hiyo yakiwa kwenye 100 yanaendelea kunywa mvuke badala ya kuutoa, na kila gramu inayonywewa inatoa karibu kilojuli 2.26. Joto linaendelea kupanda mpaka kunywa na kutoa vilingane, na kulingana huko ndiko kuchemka kwenyewe. Sijapata njia nyingine inayoeleza maana ya kuchemka kwa uwazi namna hii.

Kwa usahihi, ina faida kubwa: hakuna kitako cha moto, kwa hiyo kuchelewa kuchemka karibu hakupo. Kwa nguvu ya mmumunyo, inakwenda kinyume na bika: maji yanaongezeka. Kuzipasha gramu 50 kutoka digrii 30 hadi 100 kunahitaji kama gramu 6 na nusu za mvuke. Dawa ni ile ile, kupima mwishoni. Mara namba inapotulia, toa bomba la mvuke, pima mrija kwenye mizani au soma mistari ya ujazo, na hesabu kwa maji yaliyomo wakati ule.

Vifaa si ghali: chupa mbili, vizibo vya mpira vyenye matundu, bomba la kioo lililokunjwa. Kukunja kioo ndiko kunakotaka mkono uliozoea. Hatari ipo, na ni ya kweli. Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto. Tena ukizima moto huku bomba bado limezama, chupa ya mvuke ikipoa itauvuta mmumunyo wote urudi ndani. Toa bomba kwanza, moto baadaye, na weka bomba refu la usalama kwenye chupa ya mvuke. Usiwape wanafunzi 50 njia hii wakaifanya peke yao.

Inamfaa mwalimu anayetaka kuonesha mbele ya darasa, na mwanafunzi mmoja mmoja anayetafuta uzito wa moli kwa kitu kisichopaa.

Mrija mwembamba

Njia ya Siwoloboff hutumia nusu mililita tu. Tone linawekwa kwenye kijirija, ndani yake kinapinduliwa kijirija chembamba zaidi kilichozibwa juu, vyote vinafungwa kwenye kipimajoto na kutumbukizwa kwenye mafuta yanayopashwa taratibu. Mapovu yakitoka mfululizo, ondoa moto. Joto ambalo kimiminika kinaanza kurudi ndani ya kijirija ndilo kiwango cha kuchemka.

Ni ya haraka na inaokoa kemikali ya thamani. Lakini ukiwa na bahati utasoma kwa digrii moja hivi, na kwa mimumunyo ya maji, tofauti yote huwa imo ndani ya digrii hiyo. Mafuta ya moto yakiingiwa na tone la maji hurusha. Inamfaa mwenye kimiminika kitupu kichache cha kukitambua, au mmumunyo mzito sana. Kwa somo la leo mimi huiweka pembeni.

Ebuliometa

Mwaka 1919 Cottrell alieleza kifaa cha kioo ambamo mvuke wenyewe unarusha mmumunyo unaochemka juu ya ncha ya kipimajoto, ili isomwe hali ya kulingana na si joto la kitako. Ukitia na kipimajoto cha Beckmann, chenye mistari ya digrii 0.01, unapata kazi ya utafiti. Vipimajoto hivyo ni vya zebaki, na dunia inaiacha zebaki tangu Mkataba wa Minamata wa 2013. Leo ni bora kutafuta kihisi cha platinamu. Ni kifaa cha chuo kikuu. Skuli ikipewa fedha ya kukinunua, ningeomba kwanza inunue mizani nzuri.

Mafuta ya karafuu

Huulizwa sana hapa Pemba, kwa sababu kila mtu anajua kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi. Mafuta ya karafuu hayayeyuki ndani ya maji, kwa hiyo hayahusiki na ulinganisho huu. Eujenoli, kitu kikuu kilichomo kwenye mafuta hayo, peke yake huchemka kwenye digrii 254, lakini ikiwa pamoja na maji, kila kimoja hutoa mvuke wake bila kumjali mwenzake, na mchanganyiko huchemka kidogo tu chini ya 100. Ukitia chumvi upate kupanda, ukitia mafuta upate kushuka. Usiyaweke kwenye grafu moja.

Kwa hali yako

Una wanafunzi wengi, vipimajoto vya mistari ya digrii moja, na kipindi kimoja: bika wazi, chumvi, mizani. Ifanye chumvi iwe nyingi, moli 2 kwa kilo au zaidi, tofauti ionekane kwa macho. Usiwape sukari.

Unatafuta uzito wa moli na matokeo yako yatasahihishwa: kondensa au mvuke, kwa kipimajoto kinachosoma 0.1 au chini. Ujue mapema gharama ya kosa. Kwa sukari ya moli 1 kwa kilo, kukosea sehemu ya kumi ya digrii kunageuza 342 kuwa 286 upande mmoja, au 425 upande wa pili. Kama una uhuru wa kuchagua kemikali, usichukue urea ya mbolea kwa kuchemsha muda mrefu, inaanza kuvunjika na kutoa amonia. Na sukari isikutane na asidi, itagawanyika kuwa chembe mbili na idadi ya chembe itaongezeka.

Kitu chako kinapaa: kondensa, jiko lisilo na ulimi wa moto, madirisha wazi. Hapo sina njia ya pili ya kukupa.

Na kama wewe si wa maabara, ni mpishi wa halua Wete unayetaka shira isikuponyoke, sufuria wazi ndiyo yako, kwa sababu wewe unataka maji yapotee. Kipimajoto kinakwambia yamebaki kiasi gani: shira yenye sukari asilimia 80 kwa uzito iko kwenye digrii 110 hadi 112. Chemsha maji matupu kwanza kwenye sufuria hiyo hiyo. Kama kipimajoto chako kinasoma 98 pale, basi 112 yako utaiona ikiandikwa 110.